Rafiki Akikuuliza Asikilize Nini

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa na rafiki yake mpenda muziki amtajie albamu tano nzuri, atataja zipi? Mabwenini jibu linajulikana. Atataja Radiohead, atataja The Strokes, atataja Arctic Monkeys. Akitaka aonekane amebobea, atataja Joy Division na kueleza kwa huzuni kwamba mwimbaji wao alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 23 tu. Asubuhi yake mwanafunzi huyo huyo ataingia darasani na kuandika insha ya kurasa nne juu ya umuhimu wa kukikuza Kiswahili nchini Uganda.

Makala haya yanapinga tabia hiyo. Hayapingi muziki wa roki, wala hayamkatazi mtu kupenda magitaa ya Manchester. Kinachopingwa hapa ni orodha isiyo na hata albamu moja ya Kiswahili, tena ikitoka kwa mtu anayetarajia kupata riziki yake kwa Kiswahili. Fundi seremala anayekaa kwenye viti vya plastiki nyumbani kwake atamshawishi nani anunue meza?

Tuanze na neno lenyewe. Indie ni mkato wa neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Mwishoni mwa mwaka 1976 vijana wa bendi ya Buzzcocks, huko Manchester, walikopa fedha kwa jamaa na marafiki, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakaitoa santuri yao, Spiral Scratch, bila kupitia kampuni kubwa. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Kutokana na mambo kama hayo neno likashika. Kwa hiyo mwanzoni indie halikuwa jina la mlio fulani wa gitaa. Lilikuwa jina la namna ya kufanya kazi: unatumia ulichonacho, husubiri ruhusa ya mkubwa, na unasema yanayowahusu watu wa mtaani kwako. Leo neno limebaki lakini maana imehama. Radiohead, kwa mfano, walianza safari yao wakiwa na mkataba wa EMI, wakati huo moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki duniani. Ni bendi nzuri. Lakini tusidanganyane kwamba anayewasikiliza anasikiliza muziki wa wanyonge waliojitegemea.

Sasa tuchukue maana ile ya kwanza tuilete nyumbani. Katika miaka ya 1990, pembezoni mwa Dar es Salaam, vijana walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine ni vitu vya watoto kuchezea, wakaviunganisha na vipaza sauti vilivyochoka na ngoma zenye asili ya Wazaramo. Muziki huo ukaitwa mchiriku. Ulichezwa kwenye sherehe za uswahilini na kusambaa kwa kanda, wakati wenye heshima zao wakiuita kelele za wahuni. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitoa albamu Bongo Hotheads kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji. Baada ya mchiriku ikaja singeli, yenye kasi inayoweza kuzidi mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso ulitolewa na Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyo iko wapi? London? New York? Iko Kampala. Muziki wa Kiswahili wa vijana wa Dar es Salaam ulipita katika mji mkuu wa nchi yetu ndipo ukafika Ulaya, na sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi hiyo hiyo hatuutaji.

Wala si lazima uwe mtoto wa uswahilini. Just a Band walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walijifanyia wenyewe karibu kila kitu, nyimbo na video, na mwaka 2010 video yao ya Ha-He ilimfufua shujaa Makmende, Kenya nzima ikacheka. Hawa walikuwa wanafunzi kama sisi, wakiwa na kompyuta kama zetu. Kama kuna indie duniani, hiyo ndiyo yenyewe.

Mtu atasema: haya ni mambo ya starehe, yana uzito gani? Yana uzito, hasa kwetu huku West Nile. Kiswahili nchini Uganda kimetangazwa kwa amri mara kadhaa. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini amri huleta kipindi kwenye ratiba, haileti hamu. Sehemu nyingi za nchi hii wazee bado wanakikumbuka Kiswahili kama sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Na tangazo lile la 1973 lilikuwa la Idi Amin, ambaye jina lake likitajwa, Koboko nayo hutajwa, hata kama aliyeko Koboko leo ni mama muuza mihogo ambaye hakuwa amezaliwa.

Jina hilo baya halitaondolewa na sheria wala na mabango ya Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Litaondolewa na watu wawili wanaogawana spika moja za masikioni. Mtu aliyezoea kusikia lugha ikimwamuru akae chini, siku akiisikia ikimlilia marehemu au ikimtetea mnyonge, ataijua upya. Mpe Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, ya mwaka 1989. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kuimba Kiswahili mpaka watu wakamwita Dokta. Humo umo wimbo uitwao Kifo, na mwingine uitwao Muziki Asili Yake Wapi. Kwa mtu wa Arua aliyezoea kuvuka kwenda soko la Ariwara na kurudi na Kilingala mdomoni, Mkongo anayeimba Kiswahili si mgeni. Ni jirani aliyepitia njia nyingine.

Nimesikia pingamizi nne, na kila moja inastahili jibu.

Wa kwanza husema muziki hauna mipaka. Sawa. Mbona basi orodha zenu zina mpaka, tena mpaka huo ni bahari? Anayeamini kweli kwamba muziki hauna mipaka hawezi kuijua Manchester kwa mitaa yake na asiijue Dar es Salaam.

Wa pili ni baadhi ya walimu wetu, wasemao kwamba nyimbo za mtaani huharibu Kiswahili sanifu. Kwa heshima zote, tuwakumbushe walimu kwamba Shaaban Robert, ambaye hakuna anayetilia shaka usanifu wake, aliandika kitabu kizima juu ya mwimbaji: Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alitoka katika ufukara, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na mwandishi mkubwa akaona maisha hayo yanastahili kalamu yake. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu Siti of Unguja. Mwanafunzi anayesoma kitabu bila kusikia muziki amesoma nusu.

Wa tatu husema: kwa nini Kiswahili na si Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kialur? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Jibu langu ni kwamba orodha ya mtu wa West Nile isiyo na adungu nayo ina kasoro ile ile. Lakini lugha hizi hazigombanii kiti kimoja. Geoffrey Oryema, Mwacholi, aliimba Kiacholi na Kiswahili pia. Baba yake, waziri, aliuawa Februari 1977, naye akaikimbia nchi. Albamu yake Exile ya mwaka 1990, iliyotayarishwa na Brian Eno, ni uchungu wa Uganda yenyewe. Tukikisikia Kiswahili kinywani mwa mtu aliyeumizwa na utawala ule ule uliokitangaza lugha ya taifa, tutajua kwamba lugha si mali ya aliyeitumia vibaya.

Wa nne ni mjanja. Husema: mbona nyingi ya albamu hizo zimetolewa na kampuni za Ulaya? Ni kweli. Songs for the Poor Man na Exile zote zilitolewa na Real World ya Uingereza. Lakini Dar es Salaam ilikuwa ikicheza na Remmy kabla ya wazungu kumsikia. Kama wageni wametutangulia kununua, aibu hiyo ni hoja ya kuanza leo.

Basi tumpendekezee rafiki vipi? Tusimpakie nyimbo mia nne kwenye flashi, maana hiyo ni njia ya kumfanya asisikilize hata mmoja. Tuanzie pale anapopenda. Akipenda huzuni ya Joy Division, apewe Exile, aisikilize usiku. Akipenda fujo za panki, apewe Bongo Hotheads. Akipenda muziki wa kompyuta, Sounds of Sisso, naye aonywe kuhusu kasi. Akipenda magitaa yanayojibizana, Remmy, kisha Agwaya ya Orchestra Makassy, iliyorekodiwa Nairobi mwaka 1982 na bendi ambayo iliwahi kuwa ya Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Akipenda vichekesho vya wasomi, albamu 82 ya Just a Band. Akipenda utulivu, Siti of Unguja. Albamu moja kwa wiki inatosha. Baada ya wiki, muulize amesikia nini, na pale asipoelewa maneno, mfasirie. Hapo utakuwa umefundisha Kiswahili bila chaki.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi tuutupe msala. Nasema mgeni akiingia, tumtandikie na mbachao pia, tusiufiche uvunguni kana kwamba una kunguni. Nawapa wenzangu sharti jepesi: rafiki akiomba albamu tano, mbili ziwe za popote duniani, tatu ziwe na Kiswahili ndani yake. Asiyeweza kuzitaja hizo tatu, kutoka Inde hadi Koboko, asituandikie tena insha juu ya kukuza lugha mpaka atakapokuwa amesikiliza.