Umeazima gari la rafiki na limepata ajali: bima inamlipa nani?

Vijijini kwetu gari moja hushikwa na mikono mingi. Mwenye Noah anampa jirani funguo ampeleke mgonjwa hospitali ya wilaya. Mwenye pikipiki anamwachia shemeji yake awahi mnadani. Ni ujirani mwema, na bila huo wagonjwa wengi wasingefika hospitali usiku.

Shida huanza siku ya ajali. Mwenye gari anasema, "Umeliharibu wewe, litengeneze." Aliyeendesha anajibu, "Gari lina bima, nenda kwenye kampuni." Kampuni nayo inauliza, "Huyu dereva ni nani?" Katikati yao amelala mtu aliyevunjika mguu, ambaye hakuazima wala kuazimisha chochote.

Swali hili limetumwa na wasikilizaji wetu mara nyingi. Jibu fupi ni kwamba bima inaweza kulipa hata kama aliyeendesha si mwenye gari. Lakini si kila hasara hulipwa, na mara nyingi kinacholeta ugomvi ni yale yaliyofanyika kabla funguo hazijatolewa na saa chache baada ya ajali.

Bima ndogo na bima kubwa

Nchini Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamkataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowalinda watu wengine. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Kwa miaka kadhaa bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa ikikatwa kwa shilingi 100,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 118,000.

Pesa hiyo haikatwi kwa ajili ya gari lako. Inakatwa kwa ajili ya yule utakayemgonga. Ukiazima gari lenye bima ndogo ukaligonga kwenye mti, kampuni haitanunua bampa wala taa. Wewe uliyekuwa kwenye usukani ukiumia, bima hiyo haikutibu. Hasara ya gari inabaki kati yako na rafiki yako, na hapo ndipo ng'ombe huuzwa na watu huacha kusalimiana.

Bima kubwa ni tofauti. Hiyo hugusa pia uharibifu wa gari lenyewe, na wizi au moto kama mkataba unavyosema. Hata hivyo, mwenye gari kwa kawaida hubeba sehemu ya kwanza ya gharama, na kampuni hulipa inayobaki. Rafiki aliyeazima ajue kwamba sehemu hiyo huenda akadaiwa yeye.

Nani anaruhusiwa kuendesha?

Wengi husema bima inafuata gari. Ni kweli kwa kiasi. Bima hukatiwa gari, lakini mkataba hutaja nani anaweza kuliendesha. Mikataba mingi humkubali mtu yeyote aliyeruhusiwa na mwenye gari, mradi awe na leseni halali ya chombo hicho. Mingine hutaja majina ya madereva, na asiyetajwa hayumo. Jambo hilo halionekani kwenye stika. Limeandikwa kwenye hati ya bima, ambayo wengi wetu huikunja na kuiweka kabatini bila kuisoma.

Kuna mambo manne ambayo mara kwa mara huifanya kampuni ikatae kulipa.

Kwanza ni leseni. Leseni ya daraja A ni ya pikipiki. Haikupi ruhusa ya kuendesha gari, hata kama umelizoea usukani kwa miaka kumi.

Pili ni matumizi. Gari limekatiwa bima ya binafsi, halafu rafiki aliyeliazima anapakia watu wa harusini na kuwatoza nauli. Kwa kampuni, hiyo ni biashara ambayo haikulipiwa.

Tatu ni pombe. Dereva aliyelewa huipa kampuni sababu nyepesi ya kukataa kutengeneza gari.

Nne ni jina. Gari limeuzwa, pesa zimelipwa, lakini kadi na bima bado ni za mwenye zamani. Mnunuzi anamwazima rafiki, ajali inatokea, na kampuni inasema mteja wake hana tena gari hilo. Usajili wa jina na bima mpya ni mambo ya siku ya kununua, si ya siku ya ajali.

Aliyegongwa asifukuzwe

Aliyegongwa hakuwahi kusaini mkataba wowote, na sheria inalizingatia hilo. Yapo masharti ambayo kampuni inaweza kuyatumia dhidi ya mteja wake lakini si dhidi ya majeruhi, kama vile hali ya dereva, ubovu wa gari au idadi ya watu waliopakiwa. Kampuni inaweza kutakiwa kumlipa majeruhi kwanza, kisha ikamgeukia mteja wake au dereva kudai pesa yake.

Kwa hiyo familia iliyofiwa au mtu aliyelemazwa asikubali kujibiwa kwamba "aliyekugonga hakuwa mwenye gari, basi huna chako." Achukue namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba ya stika. Apate fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu na atunze risiti zote. Kama jambo litafika mahakamani, kampuni ijulishwe mapema kwa maandishi kwamba kuna kesi, maana kukosa taarifa hiyo kunaweza kuharibu dai. Mwenye gari naye anaweza kuunganishwa kwenye kesi, hasa kama dereva alikuwa ametumwa naye. Safari ilikuwa ya nani ni swali lenye uzito.

Kumalizana nyumbani

Ajali ikitokea kijijini, wazee hukaa, mwenyekiti wa kijiji huitwa, na karatasi huandikwa: "Mimi nimekubali kosa, nitalipa kiasi fulani." Nia ni njema, kwa sababu inatuliza hasira na kuokoa safari za kituoni. Lakini mikataba mingi ya bima inamkataza mteja, na yeyote anayeendesha gari lake, kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Karatasi ile inaweza kuwa ndiyo inayoifungia bima mlango.

Majeruhi naye huumia kwa njia hiyo. Anapokea laki mbili, anasaini kwamba hana dai tena, na baada ya miezi mitatu anaambiwa mguu unahitaji upasuaji.

Hii haina maana umwache mgonjwa njiani. Mpeleke hospitali, nunua dawa, mpe familia pole na chakula. Huo ni utu. Usichofanya ni kusaini karatasi ya kukiri kosa au ya kufunga dai kabla polisi na kampuni hawajapata taarifa. Ajali ya kuumiza mtu lazima ifike polisi, na ripoti ya polisi ndiyo nguzo ya dai lolote la bima.

Kampuni ikikataa

Omba jibu la kukataa kwa maandishi, likitaja kifungu cha mkataba kinachotumika. "Tutakupigia" si jibu. Ukiwa na barua hiyo, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, ambayo ina ofisi za kanda. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kusikiliza migogoro kati ya wateja na kampuni bila kuanza na mahakama.

Kabla ya kushika funguo

Dakika tano zinatosha. Angalia bima kwa simu kupitia mfumo wa TIRA-MIS ukitumia namba ya gari, kwa sababu stika kwenye kioo inaweza kuwa ya zamani au ya kughushi. Bima ikiwa imekwisha, aliyeendesha ana kosa, na aliyeruhusu gari litumike ana kosa pia. Uliza kama ni ndogo au kubwa, na kama mkataba umetaja madereva. Mwenye gari naye aombe kuona leseni, hata kama anayeazima ni mdogo wake wa damu.

Kisha semeni mapema: likikwaruzwa, nani anatengeneza? Liandikeni hata kwa ujumbe wa simu. Swali hilo lina aibu kidogo likiulizwa pale mlangoni, lakini likisubiri mpaka gari liwe gereji, kila mmoja atakuwa na jibu lake.