Mche Mdogo Ukutani

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mapishi wala mishono, bali juu ya ukuta. Usishangae! Biblia inatuambia kwamba Mfalme Sulemani, pamoja na hekima yake yote, alizungumza habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo, mmea mdogo uotao ukutani (1 Wafalme 4:33).

Mimea ya namna hiyo tunaiona katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa. Nyumba za kale huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini na hushika unyevu, hivyo kangaga na majani madogo hupata makao. Mingi ya mimea hiyo haina madhara makubwa. Huko Roma, daktari Mwingereza Richard Deakin aliandika mwaka 1855 kitabu juu ya mimea ya magofu ya Colosseum: alihesabu aina 420!

Lakini yuko mgeni mmoja wa kuogopwa, nao ni mti wa jamii ya mtini. Ndege na popo hula matunda yake na kuacha mbegu juu ya ukuta. Mche huota penye ufa, hasa pale mlizamu unapovuja. Mizizi huifuata chokaa ndani ya ukuta, hunenepa, kisha husukuma mawe.

Sisi tuliuona mche kama huo juu ya dirisha la jikoni. Tukasema, "Ni majani mawili tu, yanapendeza." Baada ya miaka michache tulihamisha kitanda cha watoto usiku, maana ufa ulikuwa umefika chumbani kwao. Kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, akina mama, tukiuona mche ungali mdogo, tuung'oe pamoja na mizizi yake, tutengeneze mlizamu, na tuzibe ufa kwa chokaa. Saruji haifai, kwani hufungia unyevu ndani. Ukiwa umekwisha kuwa mti, tusiuvute, tutabomoa ukuta. Wala kuukata tu hakutoshi, maana utachipua tena. Tumwite fundi aliyezoea nyumba za mawe.

Na lile neno la uchungu tulilolinyamazia nyumbani tangu mwezi uliopita? Nalo ni mche. Tulizungumze lingali na majani mawili.