MAARIFA YA SATARANJI: FARASI NA MAASKOFU WAKILINGANA

Mji wa Eldoret ulianzia katika shamba namba 64, ambako posta ilifunguliwa mwaka 1910. Ndiyo sababu wenyeji waliuita Sisibo. Ubao wa sataranji nao una nyumba 64, na kama ilivyo kwa shamba, si kila nyumba yafaa kwa kila zao.

Na waketishwe mbele ya ubao huo karani mmoja na mkulima mmoja. Karani, mwenye kete nyeupe, amebakiwa na farasi 2. Mkulima ana maaskofu 2. Vitunda, yaani askari wadogo wa mbele, ni sawa kwa sawa. Karani akumbuka ya kuwa farasi hukadiriwa pointi 3 na askofu vile vile, asema moyoni kwamba mambo ni sare, kisha anyosha mkono asukume kitunda chochote ili zamu ipite. Hapo ndipo penye hatari. Kitunda hakirudi nyuma, na kosa lake hudumu mpaka mwisho wa mchezo.

Usawa wa hesabu si usawa wa kazi. Askofu aliye katikati ya ubao mtupu hutawala nyumba 13; farasi mahali hapo hutawala 8, na akiwa pembeni kabisa, 2 tu. Lakini askofu hatoki kamwe katika nyumba za rangi yake, tena huzuiwa na kitunda kimoja njiani. Farasi huruka. Mkazi wa nyanda za Uasin Gishu aweza kudhani kwamba farasi hupenda uwanda. Ubaoni ni kinyume. Farasi hustawi penye nyua, askofu hustawi palipo wazi. Basi mpango hutafutwa kwanza katika vitunda.

Safu zikiitwa a hadi h kutoka kushoto kwa nyeupe, vitunda vya mkulima vipo c5, d6 na e5. Vya karani vipo c4 na e4. Nyumba ya d5 imekuwa kiti kitupu, kwa kuwa vitunda vyeusi vya jirani vimekwisha kuipita. Farasi wa karani yupo f1. Aende e3, kisha d5. Askofu akimla hapo, kitunda cheupe hukamata mahali pake, na askofu abakiaye hujikuta amezibwa na vitunda vyake mwenyewe, vyote 3 vikiwa katika nyumba nyeusi.

Mkulima naye hana budi kuvunja ua. Kitunda chake cha f7 kikifika f5, njia za maaskofu zaanza kufunguka. Farasi akitangulia kufika e3, aiangalia f5 pia; itambidi mkulima aandae kwanza kwa kitunda cha g6, na mwendo huo 1 watosha kumkalisha farasi d5. Mchezo ulioitwa sare wategemea mwendo 1.

Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia tangu 1886 hadi 1894, alionyesha njia ya mwenye maaskofu huko London mwaka 1883. Alipocheza na Berthold Englisch alikuwa na maaskofu 2 dhidi ya askofu na farasi. Alisogeza vitunda kidogo kidogo, akimnyima farasi pa kukanyaga, mwisho akashinda.

Kwa hiyo, mambo yakilingana, mchezaji ajiulize maswali 3 kabla ya kugusa kete: Ni kete gani isiyo na kazi? Ni nyumba gani isiyoweza kulindwa na kitunda? Ni kitunda gani kiwezacho kufungua ua au kuufunga? Kamba hukatikia pembamba. Naye apatafutaye pembamba mapema hangoji kukatiwa kamba yake.