Nyumba ya Askari: Taamuli Ipi Imfaayo?

Mama mmoja wa Kabalagala, mke wa askari polisi, ametuletea barua. Mumewe hurudi alfajiri kutoka zamu, hulala muda wa saa mbili, kisha huamka mkali kwa watoto kana kwamba wao ndio waliomkesha. Jamaa watatu wamemshauri ajifunze taamuli, yaani kuutuliza moyo kwa kuuelekeza mahali pamoja, lakini kila mmoja aisifu njia yake. Mama auliza, aifuate ipi?

Hapana budi tuanze na mtaa wenyewe. Kabalagala ina jina la andazi tamu la ndizi mbivu na unga wa muhogo, bali wengi huijua kwa muziki usiolala. Njia yoyote idaiyo ukimya kamili itamshinda mtu huko kabla hajaketi.

Jamaa wa kwanza asifu njia ya neno, iliyoenezwa duniani na Maharishi Mahesh Yogi wa Bara Hindi: mtu hupewa neno na mwalimu, kwa ada, akalirudia moyoni dakika 20, mara mbili kwa siku. Mwislamu mwenye tasbihi na Mkatoliki mwenye rozari hawatashangaa sana, ingawa wao humkumbuka Mola, na hilo ni kubwa kuliko kutulia.

Wa pili asifu vipasana, kama alivyoifundisha S. N. Goenka tangu mwaka 1969. Hapo hapana ada, ila sadaka kwa apendaye. Lakini ni siku 10 za kutosema na mtu, na kengele hulia saa kumi alfajiri. Askari atapata wapi likizo hiyo? Na akiipata, mama, si ungependa aimalize nyumbani?

Wa tatu asifu njia ya pumzi. Hii hufundishwa hata karibu nasi, katika kituo cha Kibuddha huko Garuga, Entebbe, alichokianzisha mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005. Si lazima mtu abadili dini ili ahesabu pumzi zake. Pamoja nayo iko taamuli ya upendo: mtu hujitakia heri nafsi yake, kisha ampendaye, kisha asiyemjua, mwishowe adui. Kwa mtu aliyeshinda akitukanwa barabarani, hatua hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko gwaride, aiache kwanza.

Sisi twachagua pumzi. Haina gharama, wala haina kifaa, na hata lindoni yawezekana. Mumeo akivua viatu na sare, aketi kitini, mgongo wima, macho yakitazama sakafu. Ahesabu kila pumzi itokayo, moja hadi kumi, kisha aanze tena. Muziki wa baa ukimchukua asipigane nao. Arudi kwenye moja. Dakika 10 zatosha. Ila asiionje njia hii Jumatatu na nyingine Alhamisi. Ashike moja kwa majuma matatu ndipo aihukumu.

Tahadhari moja, hasa kwa walioona vita. Kuketi kimya huweza kuyafufua yale ambayo mtu aliyazika. Picha za damu zikija, asijilazimishe kuendelea eti ni ushujaa. Asimame, atembee uani akihesabu hatua badala ya pumzi. Hiyo nayo ni taamuli halali. Jinamizi likizidi, au hasira ikifika kwenye mkono, taamuli haitoshi: amwone daktari wa kikosi, au waende Butabika. Kwenda huko si fedheha, kama vile kutibiwa mguu uliovunjika si fedheha.

Watoto nao wapelekwe kwa shangazi dakika hizo kumi. Na kiti cha pili kiwekwe kando ya chake, mama, kwa maana barua yako haikutuambia wewe hulala saa ngapi.