Uko tayari kwa kisu, au umechoka kusemwa?



Ndugu zangu katika imani, kuna watakaosema mada hii ni ya aibu. Lakini inazungumzwa kila siku majumbani mwetu hapa Kigobe, saluni, na kwenye simu za mabinti zetu wanafunzi: upasuaji wa kukuza matiti. Zamani tulidhani ni mambo ya Marekani, ambako mwanamke wa kwanza aliwekewa matiti ya silikoni mwaka 1962 katika mji wa Houston. Leo mwenye pesa anapanda ndege kwenda Dubai, Uturuki au Nairobi, na tangu mwaka 2023 hata hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, inafanya upasuaji wa kurekebisha umbo.

Neno linaloniudhi katika mazungumzo haya ni hili: "Niko tayari kisaikolojia." Ukimuuliza dada utayari huo ni upi, anakwambia amefikiri sana, bwana amekubali, pesa ipo. Basi, utayari umekuwa ni tiketi na ruhusa ya mume!

Mimi nasema wengi wanaojiita tayari wamechoka tu kusemwa. Mama amezaa watoto wanne, kila mmoja amemnyonyesha miaka miwili kamili, muda ambao Qur'ani yenyewe imeutaja katika Surat Al-Baqara aya ya 233. Kifua kimelegea, kama kinavyolegea cha kila mama. Halafu baba wa watoto hao hao, aliyeshiba, anatazama televisheni na kusema maneno yake ya mzaha. Leo mzaha, kesho mzaha. Baada ya miaka miwili mama anatafuta daktari, na bwana anaonekana mkarimu kwa kuwa anatoa pesa! Wallahi, hapo mgonjwa ni ulimi wa bwana, na hakuna silikoni inayotibu ulimi. Akishamaliza kifua atahamia tumbo.

Na sisi wanawake tusijitoe. Mashangazi na mawifi ndio wanaompima msichana wa miaka kumi na sita kwa macho mbele ya wageni, "huyu mbona hana kitu?" Kisha tunashangaa akinunua dawa za kukuza umbo zisizojulikana zina nini ndani. Wakubwa watakumbuka zile "dawa za Mchina" zilizotamba Dar es Salaam miaka ya 2000. Mwanafunzi anayesoma hapa ajue kwamba hata Marekani, nchi tunayodhani haina mipaka, mamlaka yao ya dawa, FDA, haikuidhinisha vipandikizi vya silikoni kwa urembo chini ya miaka 22, na vile vya maji ya chumvi chini ya miaka 18. Mwili ulikuwa bado unakua, na moyo pia.

Sasa nije kwa masheikh wetu, kwa heshima. Wapo wanaosema neno moja, haramu, kisha wanafunga kitabu. Hiyo haitoshi. Ni kweli hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inawalaani wanaobadilisha umbo la Allah kwa ajili ya uzuri. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo alimruhusu 'Arfaja, aliyekatwa pua vitani, aweke pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kuoza. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitenganisha mambo: kurekebisha kasoro au kilichoharibiwa na maradhi au ajali, hata kama madhara yake ni ya nafsi, linaruhusiwa kwa masharti. Kubadilisha umbo la kawaida kwa matamanio na kuiga watu, hapana. Kwa hiyo mama aliyekatwa titi kwa saratani, na msichana aliyezaliwa na upande mmoja usiokua, wasitupwe kapu moja na anayetaka kufanana na mwimbaji. Wakisikia "haramu" tupu wataona haya hata kuuliza.

Mnaona basi kwamba hali ya nafsi imo ndani ya hukumu yenyewe. Ndiyo maana naukataa utayari wa mdomoni. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wanawake 3,521 waliokuza matiti kwa urembo. Waliojiua walikuwa 15, wakati kwa hesabu ya kawaida walitarajiwa watano hivi. Hakuna aliyethibitisha kwamba silikoni ndiyo iliyowaua. Kinachodhaniwa zaidi ni kwamba baadhi yao waliingia chumba cha upasuaji na huzuni yao, wakatoka nayo. Na yupo mtu ambaye ugonjwa wake ni kuona kasoro mwilini pasipo na kasoro. Huyo ukimpasua mara tatu ataiona ya nne.

Mwili nao una hesabu yake. Vipandikizi si vya maisha. FDA yenyewe inasema hadi mwanamke 1 kati ya 5 huvitoa ndani ya miaka 8 hadi 10, na ya silikoni inashauri vipimwe kwa mashine baada ya miaka 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3, kwa sababu hupasuka kimyakimya. Je, bwana ameweka akiba ya hilo, au anajua bei ya tiketi tu? Sisi wa Bujumbura tukiona kitu kimeandikwa kimetoka Ufaransa tunakiamini. Kampuni ya PIP ilikuwa ya Ufaransa. Ilijaza silikoni ya viwandani badala ya ya hospitali, ikagundulika mwaka 2010, na mwishoni mwa 2011 serikali ikawashauri wanawake 30,000 hivi wakavitoe. Mwenye kampuni alihukumiwa miaka minne jela Desemba 2013. Wanawake walirudi kisuni.

Dada unayefikiria jambo hili, kabla hujamwona daktari anayelipwa kwa kukupasua, kaa na mtu asiyefaidika kwa jibu lolote: mama mtu mzima mwenye siri, daktari wa kawaida, au mshauri wa nafsi. Akuulize ungelitaka hili kama ungekuwa kisiwani peke yako. Akuulize ni nani alikwambia maneno ya kwanza, na lini. Kama jina linalokutoka ni la mumeo, basi mwite bwana akae nanyi, aulizwe yeye.

Wabillahi tawfiq.