Kijana, Je, Utaweza Kukaa Pale?

Katika nyumba nyingi za vijijini maneno ni yale yale. Kijana amemaliza shule, au ameiacha njiani, na baba amesikia habari za Chuo cha Maendeleo ya Wananchi: kile cha kando ya barabara ya vumbi, chenye mabweni, karakana na shamba. Watu huuliza, “Ada ni kiasi gani? Wanafundisha nini?” Maswali mazuri hayo. Lakini liko jingine ambalo huulizwa mara chache: mtoto huyu ataweza kukaa pale?

Vyuo hivi ni 54 Tanzania Bara, huko Newala, Urambo, Kasulu, Ikwiriri na kwingineko. Serikali ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, ambako vyuo vya namna hii vipo tangu 1868. Hapo mwanzo kijiji kilimchagua mtu wake, akaenda, akajifunza kazi na kuishi na wenzake, kisha akarudi kwao. Siku hizi kijana huenda kwa hiari yake, kujifunza useremala, uashi, ushonaji, umeme au kilimo.

Basi sikiliza, kijana. Katika shule ya watu elfu moja waweza kukaa kimya mwaka mzima, wala asikujue mtu. Katika chuo kidogo hakuna pa kujificha. Ukikosa kipindi cha asubuhi, mchana mpishi mwenyewe anakuuliza kama unaumwa. Ukigombana na mwenzako leo, kesho mpo meza moja karakanani, na kesho kutwa mna zamu moja ya kufagia. Kwa mtu mmoja hiyo ni dawa. Kwa mwingine ni kifungo.

Mimi nilikaa katika chuo kidogo cha shamba miaka miwili. Muhula wa kwanza nilikuwa nikihesabu usiku kama mfungwa! Jumamosi hapakuwa na pa kwenda ila dukani, na duka lenyewe lilikuwa moja. Aliyeniokoa ni mwalimu wa useremala, aliyeona kwamba sili vizuri, akanipa kazi ya kutengeneza kiti cha mama yake. Rafiki yangu hakupata bahati hiyo. Aliondoka wiki ya tatu. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikwenda mjini akajifunza ufundi wa magari, na leo anaajiri watu. Lakini baba yake alikuwa ameuza fahali ili kulipa ada, na ada haikurudi. Kijiji kilimcheka yule kijana, naye hakukanyaga nyumbani miaka mingi. Mama yake aliumia mno. Hayo yote, kwa sababu hakuna aliyempeleka kwanza akatazame.

Kwa hiyo nendeni mkatazame kabla ya kulipa, wala msiende siku ya mahafali, kwa maana siku hiyo kila chuo hupendeza. Nendeni siku ya kazi. Ingieni karakanani mtazame chini: kama kuna maranda ya mbao, watu wanafanya kazi, kama mashine zina vumbi, mmekwisha kupata jibu. Ulizeni maji hutoka wapi wakati wa kiangazi. Msimuulize mkuu wa chuo peke yake; mtafuteni mwanafunzi aliyekwisha kaa mwaka, mkae naye chini ya mti, aseme Jumapili wanafanya nini, na mgonjwa hupelekwa wapi usiku.

Kama ni msichana, mama aende naye. Apime kwa miguu yake umbali wa kutoka bwenini mpaka chooni, atazame kitasa, aulize ufunguo hukaa kwa nani. Vyuo hivi vimewapokea wasichana wengi waliokatiza masomo, hata wenye watoto wachanga, na ni jambo la kushukuru. Lakini mahali pa kulelea mtoto pasisemwe kwa maneno tu, paonyeshwe.

Tena baba, umwache mtoto atembee peke yake pale chuoni saa moja au mbili, bila wewe kumfuata nyuma. Mkirudi nyumbani usimuulize mbele ya wajomba, kwa maana hapo atasema “ndiyo” kwa heshima tu. Ngoja mbaki wawili.