Kamyo ikirudi nyuma ku depo, kazi si ya shofere peke yake



Kwa desturi, katika kurasa hizi tunaongea mbegu, mbolea, mnyauko wa migomba na namna ya kuanika maharagi. Leo tunaongea makamyo. Wengine watauliza: watu wa kilimo wanatafuta nini ku volani? Jibu ni fupi. Mavuno mliyoyahangaikia miezi mitatu ao mine kule Masisi, Rutshuru, Kibumba ao Minova, yote yanapita mlango mmoja: mlango wa nyuma wa kamyo, mu lupango la depo hapa Goma. Katika zile mita kumi za mwisho ndipo mifuko inapasuka na ukuta unabomoka. Na kibaya kupita vyote, ndipo mtu anabanwa kati ya kamyo na ukuta.

Mambo ya namna hiyo yakitokea, wote wanamnyooshea kidole shofere. Kama ni mpya, basi kesi imekwisha: «Hajui kazi.» Sisi tunaona mambo kwa namna nyingine. Shofere mpya haharibu peke yake. Mara nyingi depo ndiyo inamharibia. Koperative ikipanga lupango lake vizuri, hata kijana aliyepata permi juzi ataingia salama. Isipopanga, hata mzee wa miaka ishirini ya barabara siku moja ataumiza mtu.

Goma iko na ugumu wake

Mji wetu umekaa juu ya lava. Nyiragongo ilitapika mwaka 1977, ikarudia mwezi wa kwanza 2002 na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, tena tarehe 22 Mei 2021. Watu walijenga juu ya mawe yale yale, na kuta wakazijenga kwa mawe yale yale. Ndiyo sababu malupango mengi ni membamba, ardhi iko na meno, na kuta ni nyeusi: saa kumi na mbili za jioni shofere hawezi kutofautisha ukuta na kivuli. Gurudumu likipanda jiwe moja tu, kamyo yote inainama, na shehena ya juu inaegemea upande mmoja.

Kisha kuna watu. Nyuma ya kamyo hapa Goma kunapita kila kitu: motari, bamama wenye mizigo mgongoni, watoto wanaookota maharagi yaliyomwagika, na chukudu. Chukudu tunaipenda, hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mu mji. Lakini chukudu yenye mifuko ya viazi, ikishuka mteremko, haisimami kwa mita mbili. Anayeiendesha anahesabu kwamba kamyo itamsubiri. Shofere naye hata hajamuona.

Jambo la tatu ni volani yenyewe. Kongo na Rwanda tunatembea upande wa kuume wa barabara, na kwa kawaida volani iko kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania wanatembea kushoto, na makamyo yao volani iko kuume. Makamyo ya aina zote mbili yanaingia Goma. Jambo hili linabadilisha kabisa namna ya kuingia ku depo, juu shofere anaona vizuri upande aliokaa. Upande mwingine anabaki na kioo tu. Koperative ngapi, wakati wa kukodi kamyo, zinauliza volani iko upande gani? Tunaogopa ni chache sana.

Mambo ambayo shofere mpya anapashwa kushika

Kwanza, ashuke. Kabla ya kuweka vitesi ya nyuma, ashuke kwa miguu yake, atembee mpaka ku jukwaa la kupakilia, aangalie mawe, mashimo, waya wa stimu juu, na watu. Dakika mbili zinatosha. Shofere anayeshuka haonyeshi woga. Anaonyesha kwamba anajua kazi.

Pili, ajue aina ya gari anayoshika. Fuso isiyo na remorke inarudi nyuma kama gari ndogo: ukikata volani kuume, nyuma inaenda kuume. Hatari yake iko mbele. Nyuma ikienda kuume, pua ya kamyo inatoka kushoto kwa nguvu, na inampiga aliyesimama pembeni akidhani kamyo inamwendea mbali.

Semi-remorke ni kinyume. Hapa mashofere wapya wanachanganyikiwa, na kuna njia rahisi ya kuwasaidia: shika volani chini kabisa, pale ambapo saa inaandika 6. Ukisukuma mkono kuume, nyuma ya remorke inaenda kuume. Ukisukuma kushoto, inaenda kushoto. Mkono na remorke vinaenda pamoja. Kata kidogo, subiri uone inajibu namna gani, kisha rudisha volani uifuate. Wengi wanakata sana halafu wanachelewa kurudisha. Remorke inakunjika kama kisu cha mfukoni na inagonga kabini. Ikianza kukunjika, usilazimishe. Simama, songa mbele, nyoosha gari, anza tena. Kusonga mbele mara tatu ni bei rahisi kupita kubomoa ukuta mara moja.

Kuna pia ile remorke nzima, yenye magurudumu mbele na nyuma, inayovutwa kwa mti wa chuma. Ile iko na viungo viwili: kimoja pale inaponaswa na kamyo, kingine ku ekseli yake ya mbele. Mambo yanageuka mara mbili, na kosa dogo linakuwa kubwa mbele ya macho yako. Maoni yetu ni wazi: shofere mpya asiirudishe nyuma mu lupango dogo la Goma. Aiache mahali penye nafasi, mzigo uletwe kwa gari ndogo. Gharama ya gari ndogo inajulikana mbele. Gharama ya ajali haijulikani.

Tatu, achague upande. Kama volani iko kushoto, atafute kurudi huku nyuma ya gari ikienda kushoto, ili aone remorke yake kwa macho kupitia dirisha. Kama volani iko kuume, iwe kuume. Lakini muangalie: kwetu tunatembea kuume, basi kamyo yenye volani kushoto inayoingia depo ya upande wa kushoto itakata njia ya wale wanaokuja mbele yake. Lazima mtu asimame barabarani azuie motari na chukudu. Hiyo si kazi ya shofere. Hawezi kuwa mu kabini na mu barabara kwa saa moja.

Nne, mwendo. Uwe ule wa mama aliyebeba mufuko wa makala mgongoni, si zaidi. Na akipoteza kuona mtu anayemuongoza, asimame papo hapo, hata kama watu wote wanapiga kelele «Kuya! Kuya!»

Kazi ya koperative

Hapa ndipo tunataka kusema wazi. Tukiangalia namna kamyo inavyopokelewa ku depo nyingi, tunakuta watu kumi wanaongoza pamoja. Mmoja anasema «Kata kushoto!», mwingine «Kata kuume!», konvwayere anapiga mkono ku bodi, mtunza depo anapaza sauti toka mlangoni, na wapakizi wamekwisha kusimama ku jukwaa, migongo ku ukuta. Shofere anasikiliza nani? Mzoefu anawaziba masikio wote. Mpya anasikiliza wote, na huo ndio mwanzo wa ajali.

Tunapendekeza mambo sita. Hakuna hata moja linalohitaji feza ya mufadhili.

Muongozaji awe mmoja tu. Koperative imchague, imfundishe alama za mikono, impe gilet ya rangi inayoonekana. Asimame upande wa volani, mahali shofere anamuona ku kioo, hata siku moja asisimame nyuma ya gari kwa mstari. Wengine wote wanyamaze. Alama moja tu inaruhusiwa kwa kila mtu: ya kusimamisha.

Lupango liwe tupu. Wapakizi, wateja na watoto watoke mpaka kamyo isimame na motere izimwe. Kati ya kamyo na ukuta asibaki mtu hata mmoja, hata kwa kuchungulia.

Ardhi isawazishwe. Vunjeni yale meno ya lava pale kamyo inapopita, mjaze changarawe, kisha mchore kwa chokaa mistari miwili mieupe toka mlango wa lupango mpaka ku jukwaa. Ku kuta nyeusi piga chokaa pia, kwa urefu wa kioo cha kamyo. Shofere atashukuru.

Jukwaa livalishwe mipira. Mipira ya gari iliyochakaa inapatikana kila mtaa. Ifungeni ku ukingo wa jukwaa. Kamyo ikigusa, inagusa mpira, haigusi saruji wala mguu wa mtu.

Magurudumu yazuiliwe. Kabla ya mufuko wa kwanza: motere imezimwa, fren ya mkono imevutwa, kabari mbili za mti mgumu ziko chini ya magurudumu. Tunasema mti, hatusemi jiwe. Lile jiwe jepesi la lava lenye matundu linapasuka chini ya uzito. Na kamyo inayopakiwa haibaki vile ilivyokuwa: kila mufuko unaongeza uzito, na ku mteremko inaweza kuanza kutembea yenyewe.

Habari itolewe mbele. Mnapokodi kamyo, ulizeni urefu, remorke ni ya aina gani, volani iko upande gani, shofere amekwisha kuingia ku depo yenu ao hapana. Kanuni ya kawaida ni kwamba mbele ya jukwaa kuwe na nafasi kama mara mbili ya urefu wa gari. Semi ya mita 16 inaomba zaidi ya mita 30. Kama lupango lenu halina nafasi hiyo, itisheni Fuso mbili badala ya semi moja. Ndiyo, mtalipa kidogo zaidi. Pimeni hesabu yenu, lakini muhesabu na ukuta.

Mavuno nayo yanaumia

Tunaongeza neno moja la kazi yetu. Jukwaa baya linaharibu mali hata bila ajali. Kamyo isipokaribia vizuri, inabaki na pengo la mita moja, na wapakizi wanatupa mifuko kuvuka pengo. Kiazi kilichoangushwa hakionyeshi kitu siku ile. Siku chache baadaye kinakuwa cheusi ndani, na mununuzi anasema viazi vya koperative yenu vinaoza. Nyanya ya chini inapasuka, maji yake yanaozesha za juu.

Kahawa ndiyo inaumia kimya kimya. Kahawa ya parche inakunywa harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo. Kamyo ikirudi nyuma na kuacha motere ikinguruma mbele ya mlango wazi wa depo, moshi wa mazutu unaingia ndani na kukaa mu mifuko. Mkulima aliosha, alianika, alichambua kwa mkono; muonjaji akikuta harufu ya moshi mu kikombe, bei inashuka. Kwa hiyo mlango wa depo ufungwe mpaka motere izimwe. Haiombi hata franga moja.

«Lakini tutachelewa»

Hili ndilo jibu tunalosikia kila mara, na hatulidharau. Barabara zetu ni mbaya, vita vimefunga njia na kuzifungua tena, vizuizi ni vingi, mvua ya mwezi wa nne haingoji mtu. Mashofere wengi wanalipwa kwa safari. Kamyo ikifika jioni, kila mmoja anataka ipakuliwe upesi. Tunaelewa.

Lakini tuhesabu pamoja. Kushuka kuangalia, kuondoa watu, kuweka kabari: yote ni dakika kumi. Kamyo imetoka Rutshuru, kilomita kama 70, na huenda imetumia siku nzima njiani. Ni haki gani kuiba dakika kumi pale pale ambapo watu wetu wamesimama kwa miguu? Na tusisahau: mpakizi anayebanwa ku ukuta mara nyingi si mwanachama. Ni kijana wa mtaa, analipwa kwa mufuko, hana mkataba, hana wa kumsemea. Kama koperative ni chombo cha wanyonge kusaidiana, basi ianzie ku mlango wake.

Wengine watasema: kamyo si yetu, ni ya mwenye kuikodisha; ajali ni yake. Ku karatasi pengine. Lakini lupango ni letu, wapakizi tumewaita sisi, na saa ya kuingia tumeipanga sisi.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Ku mkutano mkuu ujao, muandike sheria ya lupango katika kanuni za ndani za koperative, muipigie kura kama mnavyopigia bei ya mavuno, na mtunza depo apewe mamlaka ya kukataa kupakia kama shofere anakataa kushuka ao kuweka kabari. Hata kama kamyo ni ya rafiki wa rais wa koperative. Muibandike ku mlango, kwa Kiswahili, herufi kubwa, ili shofere mpya aisome kabla ya kuingia. Na akifika, mumpokee kama mgeni: mpeni maji, muonyesheni lupango, mwambieni jina la atakayemuongoza. Kisha aanze kurudi nyuma, pole pole.